Kutoka Mpanda Hata Dar es Salaam kwa Ndege: Masafa Yake, Muda Wake, na Ibada ya Msafiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake nchi kavu, bahari na anga; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, katika miji yetu ya bara limekuwa swali la kila siku, kwa wakubwa na kwa wadogo: Kutoka Mpanda hata Dar es Salaam kwa ndege ni masafa gani, na ni mwendo wa saa ngapi? Mwenye kuuliza aghalabu ataka kujua kama atawahi shughuli yake. Lakini kwa Muislamu swali hili lina uzito zaidi ya huo. Maana masafa ndiyo yampayo msafiri ruhusa ya kupunguza sala. Muda ndio umwonyeshao ni sala ipi itakayomkuta njiani. Na tofauti ya jua baina ya miji hii miwili yaweza kuiharibu saumu ya mtu mzima mwenye akili zake, naye asiwe na habari.

Basi twapenda, kwa idhini yake Mola, kuyaeleza mambo haya matatu moja baada ya jingine, ili kila nyumba ipate kujua hesabu yake.

MASAFA

Kiwanja cha ndege cha Mpanda kiko katika longitudo ya digrii 31 na kidogo mashariki, na latitudo ya digrii 6 na theluthi kusini. Kiwanja cha Julius Nyerere cha Dar es Salaam kiko katika longitudo ya digrii 39 na kidogo, na latitudo ya karibu digrii 7 kusini. Ukiipima njia iliyonyooka baina ya viwanja hivi viwili, wapata karibu kilomita 900. Ndege itakayopita Tabora kwanza itakwenda karibu kilomita 730 hata Tabora, kisha karibu 240 hata Mpanda. Jumla ni kilomita 970 au kasoro kidogo.

Njia za chini ni ndefu zaidi, kwa kuwa huzunguka milima na mito na kufuata miji. Barabara ipitayo Dodoma, Manyoni na Tabora ina karibu kilomita 1,200. Reli nayo yatoka Dar es Salaam hata Tabora, mwendo wa karibu kilomita 840, kisha yaendelea hata Kaliua. Na hapo Kaliua ndipo lianzapo tawi la kuja Mpanda, lenye kilomita 210. Tawi hilo lilijengwa baada ya vita vya pili vya dunia kwa ajili ya machimbo ya risasi yaliyokuwa Mpanda. Machimbo yale yalikwisha kufungwa, lakini reli ikabaki, nayo imewachukua wazazi wetu na mizigo yao miaka mingi.

MUDA

Ajuaye walivyosafiri watu wa zamani ndiye aijuaye neema hii. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwishoni mwa mwezi wa Juni, pamoja na wapagazi wao, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Siku 134 zilipita njiani, na kutoka hapo hata Mpanda kungalikuwa na safari nyingine. Njia hiyo ndiyo waliyoipita Waislamu wa pwani walioileta dini hata Tabora na Ujiji, wakisali chini ya miti na kutayamamu palipokosekana maji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ikageuka kuwa siku. Leo apandaye gari la moshi Dar es Salaam hata Mpanda hulala njiani. Na apandaye basi huondoka alfajiri akafika usiku mwingi, au siku ya pili.

Ama ndege, habari yake ni nyingine. Mnamo Septemba 2016 shirika la Air Tanzania lilipokea ndege zake mbili za kwanza za Dash 8 Q400, zenye mapangaboi mawili na viti 76. Na ndege za namna hii ndizo zifaazo kwa viwanja kama chetu. Mwendo wake hewani ni kama kilomita 600 kwa saa, na huenda ukazidi. Hivyo safari ya moja kwa moja ya kilomita 900 yataka saa moja na nusu, na ukiongeza muda wa kupaa na wa kutua yawa kama saa moja na dakika 45. Ikitua Tabora, abiria wakashuka na wengine wakapanda, yakaribia saa tatu. Juu ya hayo kuna muda wa kungoja kiwanjani kabla ya kuondoka, nao msafiri asiusahau katika hesabu yake. Kwani sala nyingi hupotea kiwanjani kuliko zinavyopotea hewani.

JE, SAFARI YA SAA MBILI NI SAFARI?

Wako wasemao: "Sala ilipunguzwa kwa ajili ya mashaka ya ngamia na jua la jangwani, nami nimekaa katika kiti laini, nimepewa maji baridi, vipi nipunguze?" Maneno haya yana adabu kwa nje, lakini hayana elimu ndani yake.

Mwenyezi Mungu alipoitaja ruhusa hii katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 101, aliitaja pamoja na hofu ya adui. Sayyidna Umar (r.a.) alistaajabu kwamba watu wamekwisha kupata amani na sala bado yapunguzwa, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamjulisha kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi na waipokee. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Mwenye kupewa sadaka na Mola wake haulizwi kama ana shida. Huulizwa kama ameipokea.

Tena katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi zetu, kipimo cha safari ni masafa, wala si muda. Masafa hayo ni marhala mbili, nazo hukadiriwa kuwa kama kilomita 82. Na wengine wamezidisha kidogo. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, amekata kwamba bahari ni kama nchi kavu, na kwamba mtu akiyamaliza masafa hayo baharini kwa saa moja tu hupunguza sala. Imamu huyu alifariki mwaka 1277, zaidi ya miaka mia sita kabla ya kuruka ndege ya kwanza. Na hukumu yake yaingia katika ndege kama ufunguo katika kitasa chake. Kilomita 900 ni marhala mbili mara kumi na moja. Ndege huzimaliza marhala mbili kwa dakika nane. Na zilizobaki zote ni ziada juu ya ruhusa.

Basi msafiri wa Mpanda na Dar es Salaam ana ruhusa ya kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi haipunguzwi, wala Alfajiri. Na Alfajiri haikusanywi na sala yoyote. Na sharti safari yenyewe isiwe ya maasi. Asalipo asimfuate imamu anayetimiza. Na akinuia kukaa aendako siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake hukoma pale afikapo.

Hapa pana jambo wengi hulikosea. Ruhusa haianzi nyumbani, wala haianzi unapokata tikiti. Huanza mtu autokapo mji wake. Na viwanja hivi viwili vyote vimo ndani ya miji. Basi mkazi wa Mpanda aliye katika kiwanja cha Mpanda bado yuko mjini kwake, na mkazi wa Dar es Salaam vivyo hivyo. Wafanyeje? Twawapa kanuni nyepesi, vijana waihifadhi: *Aendaye acheleweshe, arudiye atangulize.*

Maana yake ni hii. Mkazi wa Mpanda akiruka wakati wa Adhuhuri, naye hakuwahi kusali, anuie kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka kwamba ataikusanya na Alasiri. Afikapo Dar es Salaam, naye bado ni msafiri, azisali zote mbili huko katika wakati wa Alasiri, akipunguza akitaka. Siku ya kurudi hali hugeuka: akisha kuingia mjini kwake safari imekwisha, wala hana tena ruhusa. Basi na azitangulize Dar es Salaam kabla ya kupanda, maadamu wakati wa Adhuhuri umeingia. Afanyaye hivi hatahitaji kusali kitini, ameelekea asikokujua, hana nafasi ya kurukuu wala ya kusujudu.

JUA HALIFUATI SAA YA UKUTANI

Sasa twaingia katika jambo zito kuliko yote, nalo lawahusu hata wasiopanda ndege.

Ardhi huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Baina ya Dar es Salaam na Mpanda pana digrii 8 na kidogo. Zidisha kwa nne, utapata dakika 32. Basi jua lichwapo Dar es Salaam, Mpanda bado ni mchana. Na watu wa Mpanda watangoja zaidi ya nusu saa hata lichwe kwao. Dodoma hubaki nyuma ya Dar es Salaam kwa kama dakika 14, Tabora kwa dakika 25, na Mpanda kwa dakika 32. Na watu wa Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, huongeza dakika mbili na zaidi juu ya zile za Mpanda.

Lakini saa za ukutani ni moja nchi nzima. Tanzania yote hufuata longitudo ya digrii 45, mstari upitao karibu na Mogadishu, mbali mashariki yetu. Ndiyo maana Mpanda jua halifiki katikati ya mbingu saa sita kamili. Hufika, kwa kadiri ya majira ya mwaka, baina ya saa 6 na dakika 40 na saa 7 na dakika 10 mchana. Basi mwenye kusali Adhuhuri Mpanda saa 6 na nusu, kwa sababu ndivyo alivyozoea Dar es Salaam, amesali kabla ya wakati. Na sala ya kabla ya wakati haijuzu.

Yafikirini basi haya, enyi wenye nyumba. Mwezi wa Ramadhani familia imekaa juu ya jamvi, tende na uji viko tayari, redio imefunguliwa. Inatoka adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam. Baba atia tende kinywani, na watoto wamfuata. Laiti wangalitoka nje wakatazama upande wa magharibi, wangaliona jua bado liko juu ya miti! Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 187, tumeamrishwa kuitimiza saumu hata usiku, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kufunga hufuturu usiku uingiapo na jua likisha kuchwa, wala hakusema redio ikisha kulia. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameeleza kwamba afuturuye akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika kuwa halikuchwa, yampasa kuilipa siku ile. Basi ikiwa nyumba imekwenda hivyo mwezi mzima, ina deni la mwezi mzima, kwa nusu saa tu ya kila siku!

Na Alfajiri ni hivyo hivyo. Ajizuiaye kula kwa adhana ya Dar es Salaam hakupata hasara yoyote katika saumu, amejizuia mapema tu. Lakini akisimama papo hapo akasali sala ya Alfajiri, huku Mpanda alfajiri bado haijachomoza, sala yake haikusihi.

Dawa ya maradhi haya haina gharama. Redio isikilizwe kwa mawaidha na habari, wala isifanywe mwadhini wa mji ulio mbali nayo. Karatasi ya nyakati iliyopigwa chapa Dar es Salaam isitundikwe katika ukuta wa Mpanda. Na wenye simu za mkononi waitazame programu yao ya nyakati za sala: imeandikwa mji gani? Simu iliyonunuliwa Kariakoo yaweza kubaki katika hesabu ya huko ikiwa hakuna aliyeibadili.

Vijana nao waweza kujihakikishia kwa mikono yao. Chomekeni fimbo iliyonyooka wima penye uwanja tambarare, tangu saa 6 na nusu mchana. Wekeni kijiwe penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kitapungua, kitapungua, kisha kitaanza kurefuka upande wa mashariki. Hapo ndipo jua lilipopinduka, na Adhuhuri imeingia. Mwanzoni mwa Machi, na katika siku za mwanzo za Oktoba, jua hupita utosini hapa Mpanda na kivuli hukaribia kutoweka kabisa. Aliye na ndugu Dar es Salaam amwombe afanye hivyo siku hiyo hiyo, kisha wapigiane simu. Wataziona dakika 32 kwa macho yao.

ALIYEFUNGA AKIWA NDANI YA NDEGE

Tuchukue mfano. Mtu amefunga, akapanda ndege Dar es Salaam saa 11 jioni, siku ambayo huko jua huchwa kama saa 12 na nusu. Ndege yakimbilia magharibi, yaani yalifuata jua. Saa 12 na nusu ikifika, saa yake ya mkono yamwambia: futuru! Atazame dirishani: jua bado laonekana, tena huko juu hukawia kuzama kuliko chini. Ndege iliyo juu kama mita 7,500 huliona jua kwa dakika kumi hivi baada ya kuchwa kwa walio chini yake. Basi asifuturu maadamu aliona. Atatua Mpanda kama saa 12 na dakika 45, na kufuturu pamoja na watu wa Mpanda karibu na saa moja. Saumu yake imerefuka kwa nusu saa, na thawabu ziko kwa Mola wake. Ama atokaye Mpanda kwenda Dar es Salaam saa hiyo hiyo, yeye alipa jua kisogo. Giza litamjia mapema, naye atafuturu akiwa njiani.

Na akiona uzito, Mwenyezi Mungu amemruhusu msafiri kula na kulipa siku nyingine. Ila katika madhehebu yetu ruhusa hii ni ya aliyeutoka mji wake kabla ya alfajiri. Aliyepambazukiwa nyumbani naye amefunga, kisha akasafiri mchana, aitimize saumu yake ya siku ile.

Tusisahau na Kibla. Dar es Salaam iko karibu kusini kabisa ya Makka, hivyo watu wake husali wakielekea kaskazini, wakiinama kidogo sana tu mashariki. Mpanda iko magharibi zaidi, na Kibla chake huelekea mashariki ya kaskazini kwa kama digrii 17. Mgeni atokaye pwani asishike dira akaelekea kaskazini tupu; na awaulize wenyeji, au atazame mihirabu ya misikiti.

NEEMA NA MATUMIZI YAKE

Jambo la mwisho lahusu jamaa. Zamani mtu wa Mpanda aliyefiwa na mzazi, naye yuko pwani, alipata habari mzazi akiwa amekwisha kuzikwa, akasoma dua na kustahamili. Leo kwa kuwa ndege yafika kwa saa chache, wako wasemao: "Maiti na angoje, mtoto fulani atakuja kwa ndege ya kesho." Na ya kesho ikiahirishwa, maiti hungoja ya kesho kutwa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kuliharakisha jeneza. Ndege imekuja kutusaidia kuharakisha. Isiwe ndiyo sababu ya kuchelewesha. Awezaye kuwahi na awahi. Asiyeweza atalizuru kaburi, na dua yake haihitaji kiwanja cha kutua.

Bora zaidi ni kuitumia neema hii wakati mzazi yu hai. Nauli ya ndege ni nzito kwa wengi wetu, hilo twalijua. Lakini gari la moshi na basi vingaliko, na kuunga udugu hakukuwekewa sharti ya kupaa. Kilomita 900 ni masafa ya kupunguza sala. Si masafa ya kukata udugu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani, atutakabalie sala zetu na saumu zetu kwa nyakati zake, na awape vijana wetu elimu ya dini pamoja na elimu ya hesabu. Maana katika jambo hili moja haikutimia bila ya nyingine. Amin.